Dawa za Siku Saba za Juma Saidi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na saba. Siku ya kuagwa, afande mmoja aliyetoka mkoani alisoma hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya wazee, akanitakia nipumzike vizuri na wajukuu. Sina hata mtoto. Nilimshukuru, nikapiga saluti, nikaketi, kisha kwa wiki nzima nikawa najiuliza kama saluti yangu ilinyooka.

Ndivyo nilivyo, na nyinyi wawili mliochukua zahanati mnalijua hilo, kwa sababu wiki yenu ya kwanza niliwapigia simu mara nne kuuliza kama kabati la dawa limefungwa. Mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Ukurasa huu nimeuandika mara sita. Huu ni wa saba, na nimejikataza kuuchana.

Kilichonistaafisha ni masikio. Mwaka wa kumi wa kazi niliugua kifua kikuu kile sugu, kwa kuvuta hewa ileile waliyoivuta wagonjwa wangu, na sindano zilizoponya mapafu ziliniachia mlio kama wa nyenje ambao haujakoma mpaka leo. Mtu asiyesikia mapigo ya moyo hawezi kubaki zahanati, na bodi ya madaktari ilisema hivyo kwa maneno ya heshima. Sitaki huruma. Nimeliweka jambo hili mwanzoni ili mfungue madirisha.

Sikusomea uganga wala uuguzi. Niliingia magereza kama askari wa kawaida, nikapangwa kwenye gereza letu la kilimo nje kidogo ya mji wa Dodoma, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujaza daftari la lango kuu. Mkuu wa gereza alilipitia siku moja, akaona mistari imepigwa kwa rula na tarehe zote zimekaa chini ya tarehe nyingine kama watu kwenye gwaride. Akasema mwandiko huu unapotea bure getini. Kesho yake nikawa mtu wa zahanati. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwahi kushika kipimajoto cha mtu mwingine.

Aliyenipokea alikuwa Sajini Chedego, tabibu, Mgogo wa Mvumi, mfupi, mwenye tabia ya kusafisha miwani yake kila alipotaka kusema jambo zito. Asubuhi ile ya kwanza nilijifunza jambo moja kabla ya dawa yoyote. Mnajua kwamba mfungwa akizungumza na askari huchuchumaa. Zahanati ya Chedego ilikuwa na benchi, na kila aliyeingia aliambiwa aketi. Wageni walichuchumaa mbele ya benchi kwa mazoea, naye aliwanyanyua kwa kuwashika kiwiko. Alinieleza kwamba kifua cha mtu aliyejikunja hakisikiki, na kwa hiyo ile ni kanuni ya kitabibu, haina uhusiano na upole. Sikumwamini kuhusu sehemu ya pili.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa mvi. Nilisahau nilipo nikamwambia, "Shikamoo mzee." Askari wa mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta. Nikatamani kurudi getini. Chedego akafuta miwani.

"Endelea," akaniambia. "Mtu mwenye homa hajui una cheo gani."

Mengine nilijifunza peke yangu, katika chumba nilichopanga Makole, kwa kitabu cha uuguzi kilichopotea jalada na kwa karatasi zile zilizokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, ambazo nilizikusanya na kuzipanga kwa alfabeti. Mazoezi ya kupima shinikizo la damu niliyafanya kwa mama mwenye nyumba, Mama Stella, hadi akaniambia ama nipunguze vipimo ama yeye apandishe kodi. Hadubini ya zahanati ilikuwa ya zamani, ile yenye kioo cha kugeuza upande wa dirisha ili kipate mwanga. Nilikaa nayo siku za mapumziko nikilinganisha nilichokiona na michoro ya kitabuni, hadi nikaweza kuvitambua vile vijiti vyekundu vya kifua kikuu kwenye makohozi. Nilivihesabu mara mbili. Halafu mara ya tatu, kuhakikisha.

"Ukihesabu mara ya nne watazaana," Chedego alinionya.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza selo. Kabla milango haijafunguliwa alfajiri, alisimama nje ya kila selo kwa dakika chache, mikono nyuma, na kuhesabu vikohozi. Kikohozi cha vumbi la Dodoma alikitofautisha na kile kingine. Alisema cha vumbi humalizika, kile kingine hukata tamaa. Akitoka pale alikuwa na orodha ya selo kichwani. Nami nikawa na orodha yangu kwenye daftari, kwa rangi mbili. Kati ya vitu vyote vya kazi ile, hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi: baridi ya mwezi wa saba, harufu ya moshi wa jiko la uji, na sisi wawili tumesimama ukutani kama watu wanaongoja kuitwa.

Kulikuwa na mizani ya stoo ya mahindi tuliyoazima kila mwisho wa mwezi kupima wagonjwa, nao walitaniana kwamba leo wanauzwa. Kulikuwa na fundi wa Kizota aliyekuja kupanua madirisha ya selo na akatumia siku nzima akieleza kwamba yeye mwenyewe hajawahi kufungwa, ingawa hakuna aliyemuuliza. Na kulikuwa na rejista yangu.

Lazima niseme kuhusu rejista, kwa sababu hapo ndipo penye aibu yangu. Wagonjwa wa kifua kikuu walikunywa dawa miezi sita, kila siku, mbele ya macho yangu. Mtu alimeza, akafungua kinywa, akainua ulimi, nami nikatia alama kwenye kadi. Kila jioni nilihamishia alama kwenye rejista kubwa. Kosa la kalamu lilinitesa. Mara mbili nilinakili ukurasa mzima upya kwa sababu ya doa dogo kuliko mbegu ya uwele. Wakaguzi walipokuja waliionyesha rejista ile kwa watu wa magereza mengine, nami nilisimama pembeni na uso wa mtu asiyejali, nikihesabu kurasa walizofungua.

Juma Saidi aliingia kwenye rejista hiyo mwaka wangu wa nne. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mrefu, mwenye mzaha. Alikuwa kibarua wa msimu kwenye shamba moja la zabibu Makutupora, akafungwa kwa wizi wa pampu ya maji ambao aliukana tangu siku ya kwanza, akakata rufaa. Selo yake niliisikia alfajiri, makohozi yake yalijaa vijiti, akaanza dawa. Mwezi wa kwanza uzito ulisimama. Mwezi wa pili akaongeza kilo tatu, akashuka kwenye mizani ya mahindi akiomba apewe bei yake mpya. Aliniangalia nikiandika, akasema, "Dokta, wewe huandiki, unashona." Wafungwa walituita wote dokta, na mimi nilikuwa nimeacha kuwasahihisha.

Mwezi wa tatu, siku chache kabla ya ukaguzi, alimeza dawa, akaonyesha kinywa, lakini hakuondoka. Akasogea karibu na meza.

"Dokta, hilo jina mliloandika si la nyumbani," alisema kwa sauti ya chini. "Kama nikitoka huko mbele, barua yangu ya dawa iandike kwa jina la kwetu."

Nilikuwa na kalamu mkononi na ukurasa safi mbele yangu. Nilijua nini kitafuata: kukata jina, kuandika lingine juu, kueleza kwa nini halilingani na hati ya kifungo, ofisi ya mapokezi kuulizwa, mkaguzi kuinua nyusi. Nikamwambia kwamba kwetu mtu ana jina moja, lile lililo kwenye hati, na kama ana malalamiko ayapeleke mapokezi.

"Sawa, dokta," alisema, akatoka.

Sikumuuliza hata hilo jina lingine ni lipi. Nimewaambia watu wengi habari hii, na kila mara sehemu hiyo nimeiruka. Leo nimeiandika.

Wakaguzi walikuja, wakasifu. Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, Juma alipelekwa mahakamani kwa rufaa yake. Ilikuwa imeahirishwa mara tatu, na mimi kwa utaratibu wangu nilikuwa nampa kila mgonjwa anayepanda karandinga bahasha ya dawa za siku saba na barua ya kuhamishia tiba, endapo hatarudi. Alizipokea, akaisoma barua, akanitazama kidogo, akaikunja mfukoni. Jioni karandinga lilirudi bila yeye. Mahakama ilikuwa imemwachia huru. Askari aliyewasindikiza alisema jamaa alishuka ngazi za mahakama akitembea polepole kama mtu aliyebeba maji, na alipofika barabarani akakimbia.

Nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kama saa moja, hadi Chedego aliponiuliza barua niliyompa ina nini. Nikampa nakala. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Juu kulikuwa na jina la gereza, chini kulikuwa na mhuri wa gereza, na katikati, kwa mwandiko wangu mzuri, Juma Saidi.

"Huyu anakwenda kijijini kwao," alisema. "Nesi wa zahanati ya kule pengine alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwao. Unataka amkabidhi karatasi hii?"

Hapo ndipo nikamweleza aliyoniomba Juma, na nilivyomjibu. Chedego alivua miwani lakini hakuifuta. Aliishika tu.

Mtu akiacha dawa katikati, ugonjwa hurudi, na safari hiyo dawa zile za kwanza zinaweza zisiusumbue. Tena alikuwa anarudi kwenye nyumba ambayo bila shaka ina mama, labda na watoto, na milango iliyofungwa kwa sababu ya baridi ya mlimani. Dawa alizokuwa nazo zingemfikisha Jumanne tu. Alhamisi na Ijumaa nilipiga simu kwenye vituo vya afya vya upande wa Kondoa, nikimuulizia Juma Saidi. Sauti zote zilinijibu kwa adabu kwamba hakufika. Kituo kimoja kilikuwa na akina Juma Saidi watatu, mmoja akiwa na umri wa miezi minane.

Jumamosi nilikwenda selo namba tatu, alikokuwa amelala miezi yote ile, nikauliza kama kuna anayejua jina la Juma la nyumbani. Walinitazama kwa nyuso za watu waliokwisha kuhojiwa mara nyingi. Niliporudi kumweleza Chedego, alisema nimeuliza kama polisi, na akaagiza aitwe mzee mmoja Mrangi wa selo ile, Mzee Isa, aliyekuwa akitibiwa vidonda vya miguu. Tukamkalisha kwenye benchi. Chedego akatoka, akaniacha naye.

Nilimwamkia. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na jibu langu la siku ile. Alisikiliza huku akitazama mifuko ya gwanda langu.

"Hati ya kumkamata haipo humo?"

Nikaitoa mifuko nje, yote. Kulikuwa na rula fupi, leso, na kalamu mbili.

"Mimi ninayo dawa tu, mzee," nilisema. "Ya miezi mitatu. Bila jina sina wa kumpa."

Akatazama rula kwa muda. Kisha akacheka polepole, bila sauti.

"Selo nzima tunamwita Bakari," alisema. "Bakari Ijengo. Wewe tu na serikali ndio mnamwita Juma."

(Majina yake yote mawili nimeyabadili hapa, ili karatasi hii isimtaje. Mtanisamehe.) Alinieleza kwamba Bakari aliwapa polisi jina la kwanza lililomjia, ili habari isipande mlimani kwa mama yake, ambaye moyo wake haukuwa mzima. Nyumbani walidhani yuko bado kwenye zabibu. Akanielekeza kijiji na njia ya kupandia. Akaongeza sharti moja, nisiende na gwanda.

Jumatatu nilifika kliniki ya kifua kikuu mjini. Sista aliyekuwa zamu alinisikiliza, akachukua karatasi yake, yenye mhuri wake, isiyotaja gereza popote, akaandika kwamba Bakari Ijengo anahamishia tiba kutoka Dodoma mjini. Lakini alitaka rejista yangu ilingane na barua yake, na hakuwa na makosa. Nikarudi zahanati, nikafungua ukurasa ule uliosifiwa. Nilikata Juma Saidi kwa mstari mmoja mwekundu, nikaandika jina lingine juu yake, na pembeni nikaeleza kosa ni la nani. Mtauona mkifungua, sikuunakili upya.

Jumanne nilipanda basi la Kondoa, kisha bodaboda hadi barabara ilipokoma, kisha miguu. Milima ile imechimbika makorongo mekundu, na nyumba zimekaa katikati yake. Njia nzima nilifanya mazoezi ya nitakachosema, na kila toleo lilikuwa na kasoro.

Bakari alikuwa anaezeka banda la mbuzi. Aliponiona, mkono wenye nyasi ulibaki hewani. Mama yake alikuwa uani akipepeta mtama, mwanamke mwembamba aliyefunga kanga kifuani, na kabla sijafika kwenye salamu Bakari alikwisha kushuka na kusimama kati yetu.

"Mama, huyu ni mwenzangu wa kazi," alisema haraka. "Tulikuwa wote kule kwenye zabibu."

Mimi ni mtu ambaye hajawahi kujaza safu moja kwa uongo.

"Shikamoo mama," nikasema. "Ndiyo, tulikuwa wote."

Akaitikia marahaba, akanikaribisha, akatuwekea ugali wa mtama na mlenda. Aliniuliza zabibu za mwaka huu zimeendaje, nikamjibu kwamba zimeenda vizuri, na jua lilikuwa kali, na majibu mengine ya mtu ambaye zabibu anazijua sokoni tu. Bakari alikula akitazama sahani. Baada ya chakula alinipeleka nyuma ya banda. Bahasha ilikuwa ndani ya mabanzi ya paa, na ndani yake kulikuwa na dawa za siku tatu. Alikuwa ameruka siku tatu kwa sababu mama alikuwa karibu.

Nikampa karatasi ya sista. Alitafuta mhuri, akausoma, akageuza nyuma, akarudi mbele. Alipofika kwenye jina alisimama.

"Uliandika," alisema.

"Nilichelewa."

Alimeza dawa za siku ile palepale, bila maji. Alinihakikishia kwamba kesho yake atashuka kituo cha afya, lakini alikuwa na wasiwasi na mama: mtu mzima mwenye afya anayemeza vidonge kila asubuhi ataulizwa, na akianza kujibu, maswali yatafika Makutupora na yatapita. Nikamwambia aseme ni dawa za vumbi. Tukakubaliana, ingawa wote wawili tulijua ni uongo dhaifu.

Nitangulize mwisho wa tiba, kwa sababu najua mnaungoja. Karatasi ya kituo ilirudi kwetu baada ya miezi mitatu na wiki moja: Bakari Ijengo, amemaliza, makohozi safi. Niliijaza safu ya matokeo mwenyewe, na Chedego akasimama nyuma yangu akisingizia kutafuta kalamu.

Lakini sababu ya kumaliza kwake sikumwambia mtu yeyote mpaka mama yule alipofariki, Mungu amrehemu. Siku ile nilipoaga, Bakari alirudi juu ya banda kumalizia nyasi, na mama akasema atanisindikiza hadi njiani. Tulitembea polepole. Alikuwa anapumua kwa shida kidogo, nikawa nasikiliza, kwa mazoea. Tulipofika penye korongo alisimama.

"Hiyo dawa, mwanangu, anakunywa saa ngapi?"

Nikamwambia ni dawa ya vumbi tu, asubuhi, kabla ya kula.

"Na kule ndani mlikuwa mnampa asubuhi vilevile?"

Nilimtazama. Alikuwa anatazama banda, ambako mwanawe alikuwa amekaa juu ya paa akivuta kamba kwa meno.

"Vilevile, mama," nikasema. "Nilikuwa nasimama mbele yake hadi ameze."

"Basi nitasimama mimi." Akafunga kanga vizuri. "Ila usimwambie kama najua. Amejitahidi sana kunificha."